Kamba ya Mita Kumi na Moja: Namna ya Kueleza Kilindi cha Bahari Ukiwa Mutuini

Nunua kamba ya mita kumi na moja. Ile nyembamba ya kuanikia nguo inatosha. Usitafute projekta kwanza, wala picha za samaki wenye meno ya kutisha. Ukiwa na kamba hiyo na vipande tisa vya kitambaa, unaweza kumweleza mtu wa Mutuini, huku kwetu Dagoretti, Nairobi, habari za kilindi cha bahari akakuelewa, hata kama bahari yenyewe ameiona mara moja tu katika safari ya shule, au hajaiona kabisa.

Hesabu hivi: kila sentimita moja ya kamba ni mita kumi za maji. Kitambaa cha kwanza kifunge kwenye sentimita kumi na nusu. Hapo ndipo lingefika jumba la KICC, lenye mita 105, kama lingezamishwa kichwa chini. Ziwa Victoria, pale lilipo na kina kuliko kwingine, ni takriban mita 80, kwa hiyo halifiki hata kitambaa hicho. Cha pili kifunge kwenye sentimita 20, yaani mita 200: chini ya hapo mwanga wa jua hauutoshi tena mmea kujitengenezea chakula. Cha tatu, mita moja ya kamba, ni mita 1,000 za bahari, na hapo mwanga wa jua umekwisha kabisa. Cha nne kifunge kwenye sentimita 147, kina cha Ziwa Tanganyika, ambalo ni la pili duniani kwa kina. Kwenye sentimita 180 funga kitambaa cha rangi ya pekee, kwa sababu hiyo ni Mutuini yenyewe: ardhi tunayoikanyaga huku iko zaidi kidogo ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukiigeuza ikaenda chini badala ya juu, hujafika hata nusu ya wastani wa kina cha bahari zote duniani, ambao ni karibu mita 3,700. Kitambaa cha sita hicho. Cha saba ni Mlima Kenya uliopinduliwa, sentimita 520. Cha nane, karibu na sentimita 720, ni handaki la Java, mahali penye kina kikubwa kuliko pote katika Bahari ya Hindi. Cha tisa kiko karibu na ncha, kwenye mita 10 na sentimita 90 hivi: handaki la Mariana katika Pasifiki.

Sasa mpe mtoto mmoja ncha ya juu asimame mlangoni. Huo ndio uso wa bahari. Wengine wagawie vitambaa, kila mmoja ashike chake na kutaja kwa sauti jina la mahali pake. Utaona jambo ambalo mimi nimeliona kila mara: watoto watano wa kwanza wamebanana pale mlangoni, mabega yanagusana, na KICC pamoja na Ziwa Victoria vimeenea katika kiganja cha yule wa kwanza. Halafu kamba inaendelea, na kuendelea, hadi yule wa mwisho amefika ukuta wa nyuma. Wewe nyamaza kidogo. Waache waitazame.

Nimekuwa nikifanya masomo haya siku za Jumamosi, mara darasani, mara katika ukumbi wa kanisa, na siku moja chini ya mti baada ya stima kupotea. Mwanzoni nilianza na wanyama. Watoto walipiga mayowe, wakafurahi, na juma lililofuata walichokumbuka ni kwamba chini ya bahari kuna mazimwi. Nilikuwa nimewapa hofu, sikuwa nimewapa elimu. Tangu nianze na kamba, maswali yenyewe yamebadilika. Mtoto aliyeshika kitambaa cha mita 3,700 huuliza: huko wanakula nini? Wanaonaje? Nani amefika? Hayo ndiyo maswali ya mtafiti, na wewe huna budi kujiandaa kuyajibu.

Maneno kabla ya vifaa

Kiswahili kina msamiati wa kazi hii, kwa kuwa watu wa pwani walikuwa wakipima kina karne nyingi kabla ya mashine. Kilindi ni maji marefu, yale ambayo pondo halifiki chini. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, ambacho mabaharia hukitupa majini wajue kina. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, karibu mita 1.8 kwa mtu mzima. Mwite mzazi mmoja mbele anyooshe mikono. Kisha waambie: kutoka hapa hadi usawa wa bahari ni kama pima elfu moja. Hesabu hiyo haihitaji daftari, na sijaona aliyeisahau.

Fikiria pia lugha ya nyumbani. Wengi wa wasikilizaji wako watakuwa Wakikuyu, na katika Kikuyu neno iria hubeba ziwa na bahari kwa pamoja, na maziwa ya kunywa vilevile. Kwa hiyo mtu aliyewahi kufika Naivasha hudhani bahari ni Naivasha iliyopanuka. Ndiyo sababu kitambaa cha kwanza, kile ambacho Ziwa Victoria halikifikii, kina kazi kubwa kuliko unavyodhani: kinatenganisha ziwa na bahari ndani ya kichwa cha mtu kabla hujasema lolote lingine.

Uzito, giza na njaa

Uzito wa maji ndio jambo gumu zaidi kueleza, na ndilo lenye majaribio rahisi zaidi. Kila unaposhuka mita kumi, maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Kwenye mita 1,000, kila sentimita moja ya mraba hubeba takriban kilo 100. Mwambie mtoto aangalie ukucha wa kidole gumba, kisha afikirie mifuko miwili ya simiti imewekwa hapo. Kwenye wastani wa kina cha bahari, mifuko ni zaidi ya saba.

Atauliza papo hapo: mbona samaki hawapondeki? Jibu ni kwamba kinachobonyea sana ni hewa. Mwili wa samaki wa kilindi umejaa maji na mafuta, na ndani yake mgandamizo ni sawa na wa nje. Lionyeshe hilo kwa chupa mbili za plastiki zilizofungwa barabara, moja imejaa maji pomoni, nyingine ina hewa tupu. Wakamue zote mbili. Na kuna jaribio jingine ambalo yeyote anayesafiri kwenda pwani aweza kulifanya: kunywa maji ukiwa Nairobi, ifunge chupa ikiwa tupu, ushuke nayo Mombasa. Utaikuta imebonyea ubavuni bila kuguswa na mtu. Hewa ya huku juu ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani, na chupa imebeba ushahidi wa mlima hadi baharini. Ukipata mzazi anayesafiri kwa treni, mwombe arudi na picha.

Kwa giza, tafuta shuka nyekundu, kama ile ya Kimaasai. Funga mapazia, weka picha ya buluu tupu kwenye simu, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, kisha imulike shuka. Wekundu utatoweka, utaona kitambaa cheusi. Hivyo ndivyo ilivyo baharini, kwa kuwa mwanga mwekundu humezwa na maji mapema na buluu ndiyo inayoshuka mbali. Kamba wengi wa kilindi (wale wanyama, si ile ya kuanikia nguo) ni wekundu kama pilipili, nasi tukiwaona kwenye picha tunadhani wamejipamba. Kule wanakoishi, wekundu huo ndio maficho yao.

Baada ya hapo zungumza juu ya vimulimuli, ambao mtoto wa Dagoretti anawajua tangu utotoni. Katika utafiti uliofanywa nje ya California na kuchapishwa 2017, takriban robo tatu ya wanyama walioonekana wakielea kati ya uso wa bahari na kina cha karibu mita 4,000 walikuwa wa aina zinazotoa mwanga. Huku kwetu kimulimuli ni kiumbe wa pekee; kule, asiyewaka ndiye wa pekee.

Chakula nacho kina mfano wake hapa hapa. Chakula kingi cha kilindini hutoka juu: mabaki ya vijimea, vinyesi, magamba na maiti za wadudu wa majini, vikishuka polepole kama vumbi, mara nyingi kwa majuma kadhaa. Wanasayansi hukiita theluji ya bahari. Mimi kwa watoto wetu husema vumbi, kwa sababu vumbi wanalijua. Tia chenga za majani ya chai kwenye chupa ya maji, itikise, iache mezani, na mwisho wa somo mrudi kuitazama.

Halafu, mara chache, nyangumi hufa akazama mzima mzima. Kwa mtoto anayepita machinjio ya Dagoretti akienda shule, habari hii haihitaji maelezo marefu. Anajua kwamba ng'ombe hana kitu kinachotupwa: nyama ina wenyewe, matumbo yana wenyewe, ngozi, kwato, mifupa. Chini ya bahari vilevile. Papa na samaki walao mizoga huja kwanza kumaliza nyama, na wadudu wadogo hufuata. Mwishoni huja minyoo isiyo na mdomo wala tumbo, ambayo hupenyeza mizizi ndani ya mfupa na kula mafuta yake. Minyoo hiyo iligunduliwa 2002 katika ghuba ya Monterey, California. Miaka yote iliyotangulia, hakuna aliyejua kwamba kuna mnyama anayeishi kwa kula mifupa ya nyangumi.

Mto, samaki na karatasi

Kama una nafasi ya kusimulia hadithi moja tu, simulia hii, na uianzie kwenye kijito kilicho karibu na shule. Maji ya upande wetu huu wa Dagoretti huingia mto Nairobi na mto Ngong, nayo huishia katika Athi. Athi hushuka nyika, hubadilisha jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha sana huku bara, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu kwa udongo wetu. Mwambie mtoto kwamba karatasi ya peremende aliyoitupa mtoni ina njia iliyonyooka ya kufika huko.

Sasa: Aprili 2001, nje ya Malindi hiyo hiyo, meli ya kukokota nyavu ilinasa samaki wa urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 77. Alikuwa silikanti, wa kwanza kuthibitishwa katika maji ya Kenya. Wataalamu wa samaki wa Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, Luc De Vos na Dalmas Oyugi, walichapisha habari zake mwaka uliofuata. Miaka miwili baada ya Malindi, wavuvi wa Tanzania nao walianza kuwapata, na huko Tanga, waliokuwa wakitega majarife kwenye maji marefu waliwanasa wengi kiasi kwamba mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Eleza kwa nini ulimwengu ulishtuka. Silikanti alijulikana kwa mawe tu, mabaki yaliyogeuka miamba, na wataalamu walikubaliana kwamba ukoo wake uliangamia pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Kisha Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mwanamke kijana aliyesimamia makumbusho madogo ya mji, alimwona katika rundo la samaki bandarini, wa buluu, mwenye mapezi yaliyokaa kama miguu mifupi. Hakumjua, lakini alijua kwamba hajapata kumwona. Mtaalamu aliyeitwa kumtambua, J. L. B. Smith, alikuta viungo vya ndani vimekwisha kutupwa kwa kuwa samaki alikuwa ameanza kuoza. Alimtafuta wa pili kwa miaka 14.

Na hapa ndipo ninapotaka utulie, mwalimu, maana sehemu hii ni yako. Smith hakuwa na nyambizi. Alichofanya ni kuchapisha karatasi. Ilikuwa na picha ya samaki, maelezo mafupi, ahadi ya pauni 100, na maagizo ya nini cha kufanya: usimpasue, usimsafishe, mpeleke mzima kwenye baridi. Karatasi hizo zilisambazwa katika pwani yote hii ya Afrika ya Mashariki. Smith na mkewe Margaret walipokuwa Zanzibar walikutana na nahodha mmoja wa biashara, Eric Hunt, aliyekuwa akisafiri kwenda visiwa vya Komoro, naye akazichukua. Desemba 1952, kisiwani Anjouan, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki ambaye watu wa huko walimwita gombessa, akampeleka sokoni. Pale sokoni palikuwa na mwalimu wa shule, Affane Mohamed. Mwalimu huyo alikuwa ameiona ile karatasi. Samaki alinusurika kisu, akabebwa na watu kuvuka milima hadi ilikotia nanga jahazi ya Hunt, na Smith akatumiwa simu ya maandishi. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini akampa ndege ya jeshi aende kumchukua.

Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua gombessa siku zote. Kilichokosekana kilikuwa kiungo kati ya wanaojua na wanaotafuta, na kiungo chenyewe kikawa karatasi moja na mwalimu mmoja. Nina neno moja juu ya karatasi hiyo: iliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lugha ya mvuvi haikuwamo. Picha ndiyo iliyoziba pengo, pamoja na bahati ya kwamba mwalimu alipita sokoni siku ile. Kazi yetu isitegemee bahati.

Maswali utakayoulizwa

Shosho mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake aliniuliza kama silikanti analiwa. Ni swali zuri, tena la mtu anayejua bei ya chakula. Jibu ni hapana: nyama yake imejaa mafuta ya aina ya nta, na yaweza kumwendesha mtu tumbo. Mwongezee kwamba jike hubeba mimba kwa takriban miaka mitano na kwamba anaweza kuishi karibu miaka mia moja, ndipo aone kwa nini silikanti mmoja aliyenaswa wavuni ni hasara ya miaka mingi.

Utaulizwa juu ya majini na nguva. Usicheke, wala usimfanye mtu ajione mjinga. Sema unachokijua: nguva ni mnyama halisi, anyonyeshaye, alaye nyasi za bahari, na anaishi maji mafupi penye jua; kwa hiyo kilindini hatumtafuti. Kuhusu majini, imani ya mtu na dini yake si somo la Jumamosi, na sayansi isitumwe kuivamia. Wewe rudi kwenye kamba.

Utaonyeshwa pia video kwenye simu, za papa mkubwa kama basi aliyejificha handakini Mariana. Papa huyo wa kale aliangamia zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita, na video hizo siku hizi hutengenezwa na kompyuta kwa dakika chache. Wafundishe watoto kuuliza mambo matatu: ilipigwa na meli gani, kwa kina gani, na ukubwa ulipimwaje? Video ya kweli ya watafiti karibu daima huonyesha kina pembeni mwa picha. Na ukitazama vizuri utaona nukta mbili ndogo za mwanga juu ya mnyama. Hiyo ni miale miwili inayokwenda sambamba, mara nyingi kwa umbali wa sentimita 10, kwa ajili ya kupimia. Wape watoto rula. Yule samaki mwenye taa kichwani na meno kama misumari, aliyewanyima usingizi, mara nyingi hazidi ngumi ya mtu. Nimeona watoto wakivuta pumzi kwa nafuu, kisha wakaanza kumpenda.

Ukipata projekta

Zipo meli zinazorusha picha za kilindini moja kwa moja kupitia mtandao bila malipo: Okeanos Explorer ya serikali ya Marekani, Nautilus ya taasisi ya Robert Ballard, aliyeongoza msafara ulioipata Titanic 1985, na Falkor (too) ya Schmidt Ocean Institute. Mara nyingi ziko Pasifiki, na mchana wao ni usiku wetu, kwa hiyo pakua video mapema mahali penye mtandao wa bure. Chagua dakika kumi, zisizidi. Zima sauti. Maelezo yao ni ya Kiingereza cha haraka cha wataalamu, nawe usimame kando ya ukuta ueleze kwa Kiswahili chako, ukisimama pale mtoto anaponyoosha kidole.

Onyesha pia hotuba ya Danny Faure, aliyekuwa Rais wa Ushelisheli. Tarehe 14 Aprili 2019 alishuka kwa nyambizi hadi mita 124 na kuuhutubia ulimwengu kutoka huko kuhusu kuihifadhi bahari. Ni majirani zetu, bahari ni yetu moja. Baada ya hotuba, mwulize mtoto aonyeshe Rais alifika wapi kwenye kamba. Ni zaidi kidogo ya sentimita 12.

Stima ikipotea katikati, toa simu mfukoni na uzungumze juu ya hiyo. Waya ya TEAMS, iliyoanza kazi 2009, imelazwa kwenye sakafu ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, na sehemu za kilindini nyaya kama hizo huwa na unene kama wa mpira wa kumwagilia bustani. Nyingine ni SEACOM na EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 hizo mbili zilikatika katika maji ya kusini mwa Afrika, na mtandao ukayumba Afrika Mashariki nzima. Wakubwa wataikumbuka Jumapili hiyo. Ujumbe wanaoutuma kwa jamaa walio ng'ambo hupita gizani, kwenye matope, kando ya jongoo bahari na viti vya pweza.

Sakafu hiyo ni ya nani

Wazazi watataka kujua faida. Waambie ukweli: sehemu ya sakafu hiyo ni yao kisheria. Mwaka 1972 Kenya iliwasilisha katika Umoja wa Mataifa pendekezo kwamba nchi yenye pwani iwe na haki juu ya mali ya bahari hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni, na mwanasheria wetu Frank Njenga ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kulitetea. Leo ni sheria ya dunia nzima, katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mkataba huohuo unasema kwamba sakafu iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote, pamoja na madini yake, ni urithi wa pamoja wa binadamu. Muuza mboga wa Mutuini yumo.

Urithi huo una watu wanaoutaka. Katika Bahari ya Hindi, kwenye chemchemi za moto zilizo zaidi ya mita 2,400 chini, huishi konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye chuma, aligunduliwa 2001. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, wa kwanza kuingizwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa madini kilindini. Wakati huohuo, utafiti uliochapishwa 2025 ulikadiria kwamba sakafu ya kilindi iliyowahi kutazamwa kwa macho ya binadamu au kamera ni chini ya asilimia 0.001, eneo lisilozidi Kaunti ya Nairobi mara sita, na kwamba nchi tano pekee, Marekani, Japani, New Zealand, Ufaransa na Ujerumani, ziliongoza asilimia 97 ya safari hizo. Hakuna hata moja ya Afrika. Mtoto akikuuliza asome wapi ili abadilishe hilo, mtajie Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, yenye makao yake Mombasa na meli iitwayo Mtafiti.

Kabla hamjatawanyika, tengenezeni karatasi yenu, kama ya Smith. Ukurasa mmoja. Mchoro wa kamba na vitambaa vyake tisa, silikanti mmoja aliyechorwa na mtoto, mstari wa mto kutoka Dagoretti hadi Malindi, na swali moja ambalo darasa lilishindwa kulijibu. Iandikeni kwa Kiswahili, na upande wa pili kwa Kikuyu, Kiluhya, Kikamba au lugha yoyote inayosemwa katika ploti zenu. Muibandike mahali watu wanapokaa kusubiri: kwa kinyozi, kwenye hospitali ya Mutuini wakiruhusu, kwenye kituo cha matatu. Acheni nafasi chini, na kalamu iliyofungwa kwa uzi, ili anayejua jibu aliandike.